Mzigo Mzito Mpe Nani?

Tela limeachwa peke yake kwenye kona ya uwanja wa maegesho, nyuma ya duka kubwa, magharibi ya Denver, mahali ambapo barabara kuu ya I-70 inaanza kuikabili milima. Ni nyumba ndogo ya magurudumu, nyeupe, yenye mapazia ya maua dirishani. Mguu wake wa chuma umeshushwa ukanyage lami, na magurudumu yamewekewa vigingi. Kando yake mama mmoja mtu mzima amekaa kwenye kiti cha kukunja, kofia imemshuka hadi nyusi, na ukimtazama sawasawa unaelewa kwamba hayupo pale kupunga upepo. Analinda. Mwenzake ameondoka na pikapu, wala hajaenda mbali. Yupo uwanja huo huo, upande wa pili, hatua mia moja hivi, na gari lake limechomekwa waya kwenye nguzo ya kuchajia. Gari kule, mzigo huku.

Niliwatazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kwetu Tanzania, chombo kilichosimama peke yake barabarani kina maana moja tu. Lori likiharibika kwenye mlima wa Kitonga, utingo hukata matawi mabichi akayatandaza nyuma ili wanaokuja wajue, kisha hutandika boksi uvunguni akalala hapo hapo na mzigo wake, hata siku tatu. Gari na mzigo havitengani. Kinachovitenganisha ni ajali au wizi. Hapa hapakuwa na tawi, na hakuna kilichoharibika. Gari lilikuwa zima, jipya, linang'aa, la bei ambayo ingejenga nyumba Mbeya na kubakiza chenji. Lilikuwa limeishiwa umeme tu, na ili liupate ilibidi kwanza lishushe kile lilichokuja kukivuta.

Kituo cha mafuta kilibuniwa kwa ajili ya mtu anayepita. Unaingia upande huu, unatokea ule, na urefu wa ulichokokota si hoja. Nguzo za kuchajia nyingi zimepangwa kama maegesho: unaingiza pua au mkia, unakaa, unasubiri. Aliyezichora alikuwa akimuwazia mwenye gari dogo la mjini lisilo na kitu nyuma. Pikapu yenye tela la mita 7 au 8 ikijaribu kujipenyeza hapo, mkia wake unaziba njia ya duka zima. Nyaya nazo ni fupi, hasa kwenye nguzo za Tesla zilizokatwa kwa kipimo cha magari ya Tesla, ambayo tundu lao liko nyuma kushoto. Ford F-150 Lightning na Rivian R1T zina tundu mbele kushoto. Kwa hiyo mwenye tela huchagua moja kati ya mawili: azibe watu njia huku akiinamisha kichwa, au afungue. Kufungua maana yake ni kuweka vigingi, kushusha mguu, kuchomoa waya wa taa, kulegeza minyororo ya usalama, kunyanyua kichwa cha tela kutoka kwenye mpira wake wa chuma. Baada ya dakika 40 au zaidi, ni kurudi kinyumenyume kuutafuta mpira ule uingie tena mahali pake, mwenzako akikuelekeza kwa mikono na kwa maneno ambayo siku ya kawaida msingeambiana.

Na si mara moja. Lightning yenye betri kubwa imepimwa kwenda kilomita 515 ikiwa haina kitu nyuma. Ikifungiwa nyumba ya magurudumu, umbali huo hukatika nusu, mara nyingine zaidi ya nusu. Nusu yenyewe huitumii yote, kwa sababu hakuna mwenye akili anayesubiri betri ifike sifuri jangwani, na kwa sababu chaja za haraka hupunguza kasi betri ikipita asilimia 80, hata kusubiri kukawa hasara. Kinachobaki kati ya kufungua na kufungua ni kilomita 150 hivi. Ukitoka Dar es Salaam, hujafika Morogoro.

Hili si gari la wabunifu wa pembeni. Pikapu za Ford za familia ya F zimeongoza mauzo ya pikapu Marekani tangu 1977. Ndizo zinazobeba mbao za seremala, nyasi za mfugaji, mabomba ya fundi. Rivian, kampuni mpya kabisa, iliwahi kidogo: R1T za kwanza zilitoka Septemba 2021 mjini Normal, Illinois, katika kiwanda kilichokuwa cha Mitsubishi. Lakini Ford ilipoizindua Lightning mwezi Mei mwaka huo huo huko Dearborn, Michigan, na Rais Joe Biden akaketi nyuma ya usukani kuijaribu mwenyewe, ujumbe ulikuwa mzito zaidi: farasi wa kazi wa taifa amebadilishiwa moyo. Aprili 2022 zikaanza kutengenezwa rasmi pale kiwandani Rouge, kwenye viwanja vile vile alivyovijenga Henry Ford zaidi ya karne moja iliyopita. Historia ina mzaha wake. Clara, mke wa Henry huyo aliyeijaza dunia magari ya petroli, alikuwa akiendesha Detroit Electric ya mwaka 1914, gari la betri, kwa kuwa halikuhitaji kuzungushwa hendeli mbele hadi mkono uteguke. Alikwenda nalo kwenye mizunguko yake na kurudi nyumbani kulichaji. Hakuvuta kitu.

Betri kubwa ya Lightning inabeba yuniti 131. Msomaji anayenunua umeme wa LUKU ataielewa namba hiyo upesi kuliko mhandisi. Nchini Tanzania, familia iliyo kwenye ule mpango wa watumiaji wadogo hairuhusiwi kupita yuniti 75 kwa mwezi, na wapo wengi wanaoishi humo vizuri tu, taa zikiwaka, televisheni ikiongea, friji ikihema pembeni. Pikapu moja inalala gereji jioni, inaamka asubuhi imemeza umeme wa nyumba hiyo wa karibu miezi miwili. Nilipofika hapo katika hesabu nilikuwa tayari nimekwishakasirika. Kisha nikageuza hesabu upande wa pili, na hasira ikakosa pa kukaa. Lita moja ya petroli ina nguvu ya karibu yuniti 9. Yuniti 131 basi ni lita 15. Ukichukua dumu la njano la lita 20, lile ambalo kila nyumba inalo kwa ajili ya maji, betri nzima ya Lightning, yenye uzito wa karibu kilo 800, haina nguvu ya kulijaza.

Lita 15! Ipe pikapu ya petroli ya ukubwa huo huo lita 15 na haitafika hata nusu ya safari ya Lightning. Sababu ni ile ambayo kila dereva ameigusa kwa kiganja bila kuifikiria: boneti lina joto. Katika kila sehemu nne za petroli inayoungua, kama tatu huishia kwenye rejeta, kwenye bomba la moshi, hewani. Inayofika kwenye magurudumu ni moja, pengine haifiki. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Kwa miaka zaidi ya mia tumeendesha vyombo vinavyomwaga kingi kuliko vinavyotumia, tukaizoea ngurumo na joto, tukaviita nguvu.

Hapo ndipo lile tela lililoachwa kwenye kona lilipoanza kunielea. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na usufi, kama ujuavyo, hujaza gunia bila kulipa uzito. Injini ya petroli ilikuwa na ubadhirifu mwingi kiasi kwamba mzigo wowote uliofungwa nyuma yake uligeuka kanda la usufi. Tela lilikula, lilikula sana, pikapu ya petroli ikivuta nyumba ya magurudumu nayo hunywa karibu maradufu. Lakini F-150 ya petroli unaweza kuinunua na tangi la lita 136, na kituo cha mafuta kipo kila njia panda, na kujaza ni dakika tano za kutafuna karanga. Maumivu yalikwenda mfukoni, hayakuja barabarani. Gari la umeme halina mafuta ya kumwaga, kwa hiyo halina pa kuuficha mzigo. Ukishaliarifu kwamba umefunga tela, na tela lenyewe liko vipi, kompyuta yake inakokotoa upya na kukuandikia pale mbele ya macho: ulikuwa na kilomita 400, sasa una 190. Halijaongeza uzito hata gramu moja. Limeutaja tu.

Na linavyoutaja linafundisha mambo ambayo mzee mwenye lori la dizeli alikuwa hana haja nayo. Kwamba kwenye tambarare, mlaji mkuu ni upepo: ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakukataa mara nne. Kwamba tela bapa lenye mawe linaweza kula kidogo kuliko nyumba ya magurudumu tupu, kwa sababu hewa haijali kilo, inajali kifua. Kwamba anayeshusha mwendo kutoka kilomita 110 hadi 90 kwa saa anaweza kuchelewa njiani akawahi kufika. Kwamba baridi kali nayo inataka posho yake, ya betri na ya abiria. Kwamba mlima una bei yake kamili, isiyopungua kwa sala. Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari; handaki la Eisenhower, chini ya kilomita 100 mbele, liko karibu mita 3,400. Pikapu ya tani 3 ikivuta tani 4, kuinua tani hizo 7 hadi pale kunahitaji yuniti 34, hata kama pasingekuwa na upepo wala msuguano wa tairi. Zaidi ya robo ya betri imekwenda kwa kupanda ngazi tu. Upande wa pili wa mlima mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya deni hilo, jambo ambalo lori la dizeli halijawahi kulifanya; lenyewe likishuka huchemsha breki.

Nimekuwa nikijiuliza ni lini mara ya mwisho watu wa kwetu waliujua mzigo kwa namna hii, kilo kwa kilo, kilima kwa kilima. Lazima nirudi kwenye njia ya Bagamoyo na Tabora. Karne ya 19, makumi ya maelfu ya wapagazi walipita njia hiyo wakiwa na frasila mbili hivi begani, kilo 32, wengi wao Wanyamwezi waliokuwa wakifanya kazi ya ujira, si watumwa, wenye fahari ya kazi yao na kirangozi wao mbele akiwa amejipamba. Methali ya mzigo mzito mpe Mnyamwezi ilizaliwa humo. Leo hutamkwa kama utani, na mara nyingine kama dharau, na anayeitamka amesahau kuwa ni cheti cha ufundi. Walijua mizani. Walijua mzigo mrefu unasumbua kuliko mzito, na kwamba kambi haipangwi na jua, inapangwa na maji. Katika nyika kavu ya Marenga Mkali, kabla ya kuingia Ugogo, msafara ulijaza vibuyu, ukaondoka alasiri, ukalala bila kisima, ukaamkia njiani tena hadi maji ya mbele. Mwenye pikapu ya umeme anayetaka kuvuka kipande cha Wyoming na tela lake usiku anakaa na simu mkononi kufanya hesabu ile ile: kituo hiki hadi kile, na kile kikiwa kimeharibika je?

Nilifanya hesabu nyingine ya kipuuzi, nikaipenda. Chakula cha siku nzima cha mtu wa kazi nzito kina nguvu ya karibu yuniti 4. Betri ya Lightning basi ni posho ya wapagazi 33 kwa siku moja. Wapagazi 33 wanabeba tani moja, na kwa siku wanakwenda kilomita 15, labda 20. Pikapu, kwa posho hiyo hiyo, inavuta tani nne kilomita 150 au zaidi, ikiwa na hewa ya baridi ndani na muziki. Anayenung'unika kuhusu kufungua tela kila baada ya saa mbili ana haki ya kunung'unika, na mimi ningenung'unika, lakini hebu aikumbuke misafara.

Tena ndani ya mizigo ile ya wapagazi kulikuwa na Marekani yenyewe. Marobota ya merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts, yalishushwa Zanzibar, yakavushwa bara, yakafika Tabora na Ujiji juu ya bega la mtu. Sasa mzigo umegeuka njia. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga, kwa watu wanaosalimiana na kugombana kwa Kiswahili kila siku. Betri ya Lightning ni ya nikeli, manganizi na kobalti. Sehemu kubwa huchimbwa kwa mashine za makampuni, lakini pembezoni mwa Kolwezi wapo wachimbaji wanaoshuka mashimoni kwa kamba na kupanda na gunia. Siwezi kusema ni kilo gani ya gunia gani iko chini ya kiti cha pikapu gani, kwa kuwa madini hayo husafishwa kwa wingi China, yakachanganywa hata asili yake ikapotea. Kwa hiyo gari linalojisifu kutaja kila mzigo lina mzigo mmoja lisioutaja kwenye ubao wake. Petroli haikuwa safi zaidi, waulize watu wa Ogoni kule Nigeria. Na betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti, zinaenea kwa kasi. Bado ningetaka mtu anayebishana Denver kuhusu urefu wa waya wa chaja ajue kwamba waya huo ni mrefu kuliko anavyodhani.

Turudi kwa mwenye gari. Asilimia kubwa ya siku zake hazina tela. Tafiti za wateja wa pikapu Marekani zimerudia jambo hilo hilo kwa miaka: walio wengi huvuta kitu mara moja kwa mwaka, au hawavuti kabisa. Wanainunua nguvu ya kuvuta kama tunavyonunua sufuria kubwa ya shughuli, ile ya kupikia pilau la watu mia mbili, ikakaa juu ya kabati miaka saba, na hata hivyo mwenye nyumba hakubali aambiwe hana haja nayo. Heshima ya sufuria ni kuwepo. Hivyo uwezo wa Lightning wa kuvuta hadi kilo 4,500 ni wa kweli, na kwa wengi ni wa ndoto. Gari linashindwa mtihani ambao mwenye nalo haufanyi, na linafaulu kila siku mtihani asioutangaza. Anaingia gereji jioni, anachomeka, analala. Asubuhi limejaa. Hapiti tena kituo cha mafuta, habadilishi oili, na chini ya boneti, mahali pa injini, pana sanduku la kuwekea mboga za sokoni. Waliolizoea husema hilo ndilo wanalolikosa wakirudi kwenye petroli, na hawaongelei kasi.

Liko pia jambo ambalo pikapu ya zamani haikuwazia: kurudisha. Februari 2021 baridi ilipoiangusha gridi ya Texas na mamilioni wakabaki gizani, baadhi ya wenye F-150 za mseto, kabla hata Lightning haijatoka, walivuta waya kutoka kwenye tundu za pikapu zao hadi ndani, wakawasha hita na friji. Lightning imelikuza hilo. Ina uwezo wa kutoa hadi kilowati 9.6 kwa vifaa vya fundi porini, na ikifungiwa mtambo wake nyumbani inaweza kuilisha nyumba ya Kimarekani, yenye matumizi yao makubwa, kama siku tatu. Nyumba yenye ule mpango wetu wa yuniti 75 ingekaa nayo zaidi ya mwezi mmoja na nusu. Kwa mtu aliyekulia kwenye mgao wa umeme, hili linavutia kuliko kilo za tela. Huko Kenya, kampuni ya Opibus, ambayo siku hizi inaitwa Roam, ilianza na kazi inayofanana na mawazo haya: kung'oa injini za dizeli za Land Cruiser za safari na kuweka mota, ili simba Maasai Mara asikie matairi tu. Gari la hifadhini halivuti nyumba. Linazunguka, linarudi kambini, linachaji kwa jua. Clara angelielewa.

Desemba 2025 Ford ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza Lightning ya betri tupu, na kwamba itakayofuata itabeba injini ya petroli isiyogusa magurudumu, kazi yake kuzalisha umeme njiani. Waliokuwa wakilicheka gari hili tangu mwanzo walicheka tena. Mimi sikuona cha kuchekwa. Kwa yule bwana wa Denver na mama aliyekuwa analinda, ni jibu la haki: watapanda mlima bila kufungua kitu. Kwa jirani yao asiyevuta chochote ni petroli aliyokwisha kuzoea kuikosa, imerudishwa ndani ya gereji yake kwa ajili ya safari ya mwaka kesho. Ningependa kukaa kiti cha abiria siku gari hilo litakapopanda Eisenhower na tani nne nyuma, jenereta likinguruma, nione wahandisi wameamua kuandika nini pale mbele ya dereva: yuniti, lita, au vyote viwili kwa pamoja.